Mashine ya makumbusho imfumbue mgeni macho, isimfumbe

Siku niliyowapeleka wanafunzi wangu kwenye Makumbusho ya Kisumu nilijiona mwalimu aliyejiandaa barabara. Nilikuwa nimepiga chapa maswali 20, kila mwanafunzi akapewa karatasi yake, na kabla hatujashuka garini niliwaonya kwamba atakayerudi na nafasi tupu atanieleza sababu. Tulipoingia ukumbini watoto 40 walitawanyika, wakaviendea vibandiko vya maelezo kama siafu waliopata sukari. Kalamu zilikwenda mbio. Baada ya nusu saa karatasi zote zilikuwa zimejaa, nami nikaridhika.

Njiani kurudi nilimwuliza kijana mmoja aliyepata majibu yote 20 anieleze mdomo wa ule mgono, mtego wa samaki wa kusukwa, ulivyotengenezwa hata samaki akiingia asiweze kutoka. Alinyamaza. Hakuwa ameutazama. Alikuwa amenakili jina lake kutoka kwenye kibandiko, kisha akalikimbilia swali lililofuata.

Kosa halikuwa lake, wala halikuwa la makumbusho. Lilikuwa langu. Mimi ndimi niliyempa karatasi iliyomfundisha kwamba kitu chenyewe ni kizuizi tu, na kwamba elimu imo katika kibandiko kilicho kando yake.

Nimeikumbuka siku ile kwa sababu siku hizi, wanapokutana watu wa elimu na watu wa turathi, aghalabu husikika pendekezo lilelile: tuweke skrini za kugusa, tutengeneze programu ya simu, tubandike misimbo ya QR kwenye kila kabati, na hapo vijana wetu watayapenda makumbusho. Mimi siyapingi mapendekezo hayo. Ninachosema ni kwamba ile karatasi yangu nayo ilikuwa mashine. Iliongoza miguu ya wanafunzi, ikaongoza macho yao, ikapima walichovuna. Ubaya wake ni kwamba iliongoza vibaya na kupima kisichofaa. Tukichukua karatasi ile ile tukaitia ndani ya kioo kinachong'aa, tutakuwa tumenunua kosa langu kwa bei ghali.

Mgeni wa makumbusho ana mahitaji mawili makubwa. La kwanza ni njia: yuko wapi, aanzie wapi, aende wapi, na atajuaje kwamba amemaliza. La pili ni maarifa: anachokiona kina maana gani, na kinahusianaje na yale anayoyajua tayari. Mahitaji haya hayatengani. Aliyepotea hajifunzi, kwa maana akili yake yote imo miguuni.

Jambo hili wataalamu walilichunguza zamani. Mwaka wa 1916 Benjamin Ives Gilman, aliyekuwa akifanya kazi katika makumbusho ya sanaa mjini Boston, aliandika juu ya uchovu wa makumbusho. Alionyesha kwa picha namna mgeni anavyolazimika kuinama, kuchuchumaa na kunyosha shingo ili aone vitu vilivyowekwa bila kumfikiria yeye. Mwaka wa 1935 Arthur Melton naye alichapisha uchunguzi wake kuhusu nyendo za wageni katika kumbi za maonyesho. Aliona kwamba wengi wao, wakishavuka kizingiti, hugeuka kulia, na kwamba mlango wa kutokea huwavuta watu kabla hawajamaliza kutazama yaliyomo. Kumbe mgeni haongozwi na thamani ya kitu tu. Huongozwa pia na mazoea ya miguu, uchovu wa mgongo na mwanga wa mlango.

Sasa turudi Kisumu. Makumbusho yale yalifunguliwa kwa umma mwaka wa 1980, kando ya barabara iendayo Nairobi. Mna ukumbi wa vifaa vya jadi vya jamii za magharibi mwa Kenya, mna wanyama waliokaushwa, mna samaki wa ziwani, mna nyoka na mamba. Kilichonigusa zaidi, hata hivyo, ni boma la Kijaluo liitwalo Ber-gi-dala, lililojengwa kwa ukubwa wake halisi kwa ufadhili wa UNESCO. Ni boma la mwanamume wa kubuni mwenye wake watatu, lenye nyumba za wake hao, maghala na mazizi.

Tulipofika langoni, binti mmoja ambaye wazazi wake walihamia Kisumu kutoka mbali aliniuliza, "Mwalimu, tuanzie nyumba ya nani?" Karatasi yangu haikuwa na jibu. Kabla sijabuni lolote, mwenzake aliyelelewa Seme akamjibu kwa mshangao wa mtu aliyeulizwa jua huchomoza wapi: "Kwa Mikayi. Si ile pale mbele yako?"

Naam. Katika boma la Kijaluo nyumba ya mke wa kwanza, Mikayi, hulitazama lango moja kwa moja. Nyumba ya mke wa pili, Nyachira, huwa upande wa kulia wa Mikayi, na ya mke wa tatu, Reru, upande wa kushoto. Karibu na lango huwa simba, yaani vibanda vya wavulana waliobaleghe. Anayeijua kanuni hiyo akisimama langoni husoma boma zima kama ukurasa wa kitabu: nani alitangulia, nani alifuata, nani anajiandaa kwenda kuanzisha mji wake. Kwake yeye njia na maarifa ni kitu kimoja. Lakini mgeni asiyeijua, akigeuka upande kwa mazoea ya miguu kama wale aliowaona Melton, humwacha Mikayi nyuma, naye huona vibanda vya udongo vilivyofanana, basi.

Hapo ndipo ninapoiona kazi ya teknolojia. Boma lile limekwisha kupangwa na wahenga. Kazi iliyobaki ni kumpa mgeni kile alichokuwa nacho yule mtoto wa Seme: ufunguo wa mpango huo, kwa maneno machache, papo hapo langoni. Kifaa kikimwambia, "Simama hapa, tafuta nyumba inayokutazama ana kwa ana. Unadhani ni ya nani, na kwa nini imewekwa hapo?" kimemwelekeza na kumfundisha kwa pigo moja. Kikimwambia, "Nenda kituo nambari 4," kimemsogeza tu.

Historia ya vifaa hivi inatupa funzo lingine. Mwaka wa 1952 makumbusho ya Stedelijk mjini Amsterdam yaliwapa wageni vipokezi vidogo vya redio ili wasikie maelezo masikioni mwao. Ilikuwa ajabu ya wakati huo. Lakini kwa kuwa matangazo yalikuwa mamoja kwa wote, wageni walilazimika kutembea pamoja, kugeuka pamoja na kutazama pamoja. Aliyependa kukawia mbele ya kitu kimoja aliachwa na sauti. Vifaa vilivyokuja baadaye vilimwachia mgeni achague nambari ya kitu anachotaka kusikia habari zake. Kisha ikaja ile alama ya mraba yenye vidoa, iliyobuniwa na kampuni ya Denso Wave ya Japani mwaka wa 1994 kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, na leo mtu huisoma kwa simu yake mwenyewe. Kila hatua ilimwongezea mgeni uhuru. Kila hatua vilevile iliongeza hatari moja: macho kuzama katika kifaa na kukiacha kitu kilichomleta.

Hatari hiyo si dhana tupu. Mwaka wa 2014 mtaalamu wa saikolojia Linda Henkel wa Marekani alichapisha matokeo ya jaribio alilolifanya katika makumbusho. Watu waliopiga picha za vitu vizima walivikumbuka kwa uchache kuliko vile walivyovitazama tu bila kupiga picha. Ni kana kwamba waliiambia kamera, "Nishikie hiki," kisha wakasahau. Lakini jaribio hilohilo lilionyesha kwamba walipotakiwa kuisogeza kamera karibu na sehemu moja mahususi ya kitu, kumbukumbu yao haikupungua. Tofauti haikuwa kamera. Tofauti ilikuwa kile ambacho mtu alitakiwa kukifanya kwa macho yake.

Natoa mfano wa hapa kwetu. Chukua kamongo, yule samaki wa Ziwa Viktoria mwenye mwili mrefu na mapezi kama kamba. Skrini inaweza kutuchezea filamu ya dakika tano juu yake, yenye muziki na rangi, na watoto wakapiga makofi. Lakini kamongo ana mapafu. Akishakua hawezi kutegemea hewa ya majini peke yake. Sharti apande juu avute pumzi. Mbele ya tangi lenye kamongo hai, kifaa bora ni kile kinachosema, "Usiondoke. Hesabu dakika mpaka apande. Anafanya nini akifika juu?" kisha kikanyamaza. Mtoto aliyengoja akaona mdomo ule ukitoboa maji hatahitaji kukariri. Atalisimulia jambo hilo nyumbani jioni ile ile.

Au chukua mbuta. Samaki huyu hakuwa wa ziwa hili. Aliingizwa katika miaka ya 1950, akazaana kwa wingi mno katika miaka ya 1980, na aina nyingi za fulu, wale samaki wadogo wa asili, zikapungua au kutoweka kabisa. Wakati huohuo viwanda vya minofu vikazuka na fedha za kigeni zikaingia. Je, mbuta alikuwa neema au balaa? Hapa skrini ina faida ambayo kibandiko hakina, kwani yaweza kumwachia mwanafunzi achague mwongo, aone ziwa lilivyobadilika, kisha imwulize, "Nyanya yako alipokuwa na umri wako alikula samaki gani?" Swali hilo halijibiwi makumbushoni. Humfuata mtoto hadi nyumbani, nalo humrudisha kesho na jibu ambalo hata mwalimu hakulijua.

Tukikubaliana juu ya hayo, yafaa sasa tuutazame umbo la kifaa chenyewe, na hapa naomba wabunifu wetu wafungue masikio. Programu za simu zimejengwa juu ya dhana kwamba kila mgeni ana simu ya kisasa, chaji ya kutosha na data. Mgeni wa Kisumu mara nyingi ni mwanafunzi aliyevaa sare, na katika shule nyingi za Kenya mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu. Basi la shule likifika na watoto 60, huenda simu zilizopo ni za walimu wawili na dereva, na mojawapo ni mulika mwizi. Programu ya simu itamhudumia mtalii na kumwacha mtoto aliyekusudiwa.

Kwa hiyo vifaa viwe mali ya makumbusho, viazimwe mlangoni na kurudishwa. Viwe vyepesi, vyenye vitufe vichache na sauti iliyohifadhiwa ndani yake, visivyotegemea mtandao, vyenye kuchajiwa hata kwa nguvu za jua. Kimoja kitumiwe na watoto watatu au wanne, ili mmoja asikilize, mwingine atafute, wa tatu abishe. Kujifunza makumbushoni ni mazungumzo, na kifaa kinachomziba kila mtoto masikio kivyake huyaua mazungumzo hayo. Asiyeona apate sauti na kitu cha kupapasa. Asiyesikia apate maandishi. Zaidi ya hayo, mitambo mikubwa iwe michache. Kila mmoja wetu amewahi kuingia mahali akakuta skrini nyeusi yenye karatasi iliyoandikwa kwa mkono kwamba haifanyi kazi. Skrini iliyokufa ni mbaya kuliko kibandiko, kwani kibandiko hakihitaji fundi.

Lipo pia suala la lugha. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, inaitambua lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, inazitaja Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na kulitaka taifa likuze lugha za wenyeji. Ukuta wa makumbusho hauna nafasi ya maandishi ya lugha tano. Sauti haidai nafasi ukutani. Hebu fikiria habari za boma zikisimuliwa kwa Kijaluo na mzee aliyeishi katika boma kama lile, na karibu yake masimulizi ya Kiswahili, ya Kiingereza, na pengine ya Kiluhya na Ekegusii, kwa kuwa majirani hao nao wana habari zao ziwani. Mtoto wa Kijaluo wa mjini ambaye hajui maana ya simba isipokuwa mnyama atasikia neno la babu yake likitamkwa na mwenye nalo.

Hapa ndipo jambo hili linapokuwa la haraka. Skrini inaweza kununuliwa mwaka ujao au mwaka wowote. Mzee aliyesuka mgono kwa mikono yake hatatungoja. Bajeti ingekuwa yangu, shilingi ya kwanza ningeitumia kununua kinasa sauti na nauli ya kwenda Seme, Asembo, Rusinga na Mfangano, nikawaombe wenye kujua ridhaa ya kurekodi sauti zao. Nao wakitofautiana, kama wazee wa pande mbalimbali wanavyotofautiana juu ya desturi, ningeziweka sauti zote mbili, ili mwanafunzi ajue kwamba utamaduni una watu wanaojadiliana ndani yake.

Wapo wanaohofia kwamba mashine itawanyang'anya waelekezi wa makumbusho riziki yao. Hofu hiyo ina msingi ikiwa mashine itafanywa mwelekezi. Lakini mwelekezi mmoja mbele ya watoto 60 husikiwa na 15 walio mbele. Waliobaki hutazama visogo vya wenzao. Kifaa kikiyabeba yale yanayorudiwa kila siku, yeye atapata nafasi ya kufanya ambalo mashine haliwezi: kumtazama mtoto usoni, kutambua kwamba hajaelewa, na kulijibu swali ambalo hakuna aliyelitarajia.

Wala tusidhani kwamba mambo haya yanahusu jengo moja mjini. Thimlich Ohinga, ngome ya mawe iliyojengwa pasipo saruji katika Kaunti ya Migori na kuingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi za dunia mwaka wa 2018, haina ukumbi wala makabati. Kuta zake, ambazo mahali pengine hufikia mita 4.5, ndizo maonyesho yenyewe, na malango yake ni mafupi hata mtu huinama ili apite. Kubandika skrini pale kungekuwa kuliumbua jiwe. Lakini sauti ndogo mkononi ingeweza kumwambia mgeni, "Inama upite. Ukiwa umeinama hivyo, fikiri: kama ungekuwa adui, aliye ndani angekuona wewe kwanza, au ungemwona yeye?" Mwili wake wenyewe ungemjibu.

Basi sisi walimu tufanye nini wakati tunangoja fedha na mafundi? Tuanze na karatasi, lakini si karatasi kama ile yangu. Mwalimu na wanafunzi wake waweza kuandika maswali matano tu juu ya vipande vya boksi, wakaomba ruhusa ya kuviweka penye vitu vitano, kisha wakakaa pembeni na kutazama. Wageni wanasimama wapi? Wanapotea wapi? Swali lipi linawafanya waonyeshane kitu kwa vidole, na lipi linapitwa kama jiwe la njiani? Swali lililoshindwa kwenye boksi litashindwa kwenye kioo. Wanafunzi wa somo la tarakilishi wanaotafuta mradi wa maana wataupata hapo, na wenzao wa historia na Kiswahili watakuwa na kazi ya kuandika na kusimulia.

Mimi nilirudi Makumbusho ya Kisumu na kundi jingine. Safari hiyo karatasi yangu ilikuwa na maswali matatu, na la kwanza lilikuwa hili: tafuta kitu kimoja ambacho huelewi kinavyofanya kazi, kitazame mpaka uweze kukichora bila kukitazama. Palikuwa na kelele nyingi zaidi, na karatasi kadhaa zilirudi na michoro mibaya ajabu. Lakini garini, binti mmoja alitoa mgono aliousuka kwa vijiti vya nyasi, njiti zake zikiwa zimeelekea ndani, akampa mwenzake na kumwambia atie kidole.

Kidole kiliingia. Kutoka kikakataa.

Wahandisi wetu wakiweza kuunda mashine itakayomfikisha kila mtoto pale, nitakuwa wa kwanza kuipigia makofi. Kabla ya hapo, atakayetaka kutuuzia skrini tumwulize kwanza: ukiizima, mtoto atabaki anatazama nini?